Mgongo wa Gasaro

Asubuhi moja, baada ya mvua za kwanza za Septemba, Gasaro aliingia uani kwa jirani yake Maman Sandrine kuomba sufuria kubwa. Maman Sandrine alikuwa anafunga nyanya za kuvusha mpakani kwenda Bukavu, akamwambia angoje kidogo. Gasaro akaketi chini ya mchungwa, akaegemeza mgongo kwenye shina, akaanza kuuchokoa mwiba uliomwingia kisiginoni kwa pini ya mtandio wake. Mwiba ulikuwa umezama sana. Alipoutoa na kuinua kichwa, matawi ya chini yalikuwa yamejaa maua meupe, na ya juu yalikuwa yanafuata.

Maman Sandrine alitoka na sufuria, akautazama mti. Ulipandwa mwaka aliozaliwa binti yake, na binti sasa alikuwa mwanamke mzima. Ulikuwa haujatoa hata ua moja.

"Utakuya tena kesho?" aliuliza. "Kuko ingine nyuma ya choo. Nayo inakataa."

Gasaro alirudi kesho yake, akauegemea ule wa nyuma ya choo. Alasiri ilipofika, nyuki walikuwa wameshauona.

Katika mtaa ule wa Kamembe karibu kila ua una mchungwa au mlimau, na miti hiyo huwachosha wenyewe. Watu wameimwagia majivu, wameizungushia samadi ya mbuzi, wameipogoa, wameinyima maji kiangazi chote ili iogope na kuzaa. Wengine huichapa kwa fimbo. Miti hunenepa, hutoa majani mazuri, basi. Kwa hiyo habari za mgongo wa Gasaro zilipoenea, watu walizipokea kama habari za fundi mzuri wa bomba. Walimwita, akaja, wakamwekea mkeka. Baada ya miezi mingi machungwa yaliiva. Hayakuwa na ajabu yoyote. Mengine yalikuwa machachu.

Gasaro alikuwa mke wa Mudathiru, fundi cherehani wa sokoni, mtu mpole anayeswali kwa wakati. Walikuwa wameoana miaka mingi na hawakuwa na mtoto. Wanawake wote wa mtaa walikuwa Maman fulani, hata mkwe wake aliyeishi nao aliitwa Mama Mudathiru na hakuna aliyekumbuka jina lake. Gasaro alikuwa Gasaro. Mtoto mchanga alipoletwa kuonyeshwa majirani, alizungushwa mikono yote, na alipokaribia mikono ya Gasaro, mtu alikumbuka kwamba mtoto ana njaa.

Nyumbani kwao kulikuwa na mchenza. Mudathiru aliupanda mwenyewe, wiki ya harusi. Gasaro aliuegemea kila siku akichambua maharage, na haukuchanua. Mama Mudathiru aliposikia habari za miti ya majirani, alimkalisha pale tangu asubuhi hadi adhana ya alasiri.

"Muti ya bantu unaipatia, yetu unaikatalia?" aliuliza.

"Siikatalii, mama."

Siku iliyofuata alimkalisha tena. Mudathiru akasema labda udongo ndio mbaya, akachimba, akaleta udongo mweusi kutoka Giheke. Mti ukanenepa zaidi. Wanawake wa jirani waliutazama mchenza juu ya uzio wa miti ya miyenzi, kisha wakamtazama Mudathiru aliyekuwa anautia maji, kisha wakatazamana. Baada ya hapo walizungumza juu ya nyanya.

Mwaka ule Mudathiru alioa mke wa pili, Uwamwezi, kutoka Muganza. Alikuwa mjane wa dereva wa lori, na alikuja na mtoto wa kike aliyeanza kutembea.

"Huyu kazi yake tumeiona," alisema Mama Mudathiru.

Gasaro alimfundisha Uwamwezi mahali pa kila kitu jikoni. Yule mtoto alimpenda, akazoea kulala mgongoni mwake, na hakuna aliyemkataza kwa kuwa hakuwa mtoto wa Mudathiru. Mvua zikapita, kiangazi kikapita, mvua nyingine zikapita. Tumbo la Uwamwezi likabaki vilevile. Mama Mudathiru alifikiri sana, kisha akasema Gasaro ndiye anayetoa baraka ya nyumba nje na kuimwaga katika nyua za watu, ndiyo maana ndani hapabaki kitu. Ijumaa moja, baada ya sala, Mudathiru alimpa Gasaro talaka barazani, mbele ya kaka yake Gasaro, kwa sauti ya chini, utepe wa kupimia ukiwa bado shingoni. Alimwomba radhi. Halafu akamfungia mizigo yake vizuri, kwa kuwa alikuwa hodari wa kufunga.

Gasaro alikwenda kukaa Giheke kwa kaka yake. Alilia njiani, nyuma ya pikipiki, ambako upepo wenyewe hukausha uso.

Msimu uliofuata watu wa Kamembe walimtumia pikipiki huko Giheke, naye akaja. Kaka yake alimuuliza kwa nini anakwenda.

"Miti haikunikosea," alijibu.

Siku moja Uwamwezi alimfuata Giheke, amembeba mtoto. Alikuwa amekonda. Alikaa kwenye kigoda, akakataa chai, kisha akaikubali.

"Yaya, dada yangu, mama anasema mwaka huu ni wa mwisho. Ananirudisha Muganza, na kule sina muntu. Nakuomba. Miye nami uniegemee, kama ile miti."

Gasaro akageuka. Wakakaa mgongo kwa mgongo sakafuni, mtoto akiwatazama, mpaka chai ikapoa. Uwamwezi alisema anahisi joto tu.

"Weye hauna shida," alisema Gasaro. "Huyu mtoto si wako? Mimi na Mudathiru tulilala mgongo kwa mgongo miaka yote ile. Kama ingekuwa ya kuchanua, ingechanua."

Uwamwezi alimfunga mtoto viatu, akavifungua, akavifunga tena.

"Basi ni yeye," alisema.

"Ukisema hivyo kule, utarudi Muganza leo hii."

"Nitawaambia nini sasa?"

Gasaro alifikiri. "Waambie nimekataa," alisema.

Uwamwezi aliyasema hayo maneno kama alivyopewa. Yalimsaidia, maana Mama Mudathiru alimwacha akae, wakawa wanamlaani Gasaro pamoja wakati wa chakula. Mudathiru alisikiliza, akala, akaenda kuutia maji mchenza wake. Katika mtaa ikajulikana kwamba Gasaro alimnyima mwenzake mimba, na kwamba mwanamke wa namna hiyo si wa kuchezea. Pikipiki za Giheke hazikupungua.

Septemba iliporudi, Maman Sandrine naye alimwita, kwa sababu alikuwa amepanda mlimau mpya upande wa barabara. Gasaro aliposukuma lango, yule binti, Sandrine, alikuwa barazani ananyonyesha. Alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na Gasaro hakuwa na habari. Alisimama, akafungua mdomo kutoa pongezi.

Maman Sandrine alikuwa mwepesi. Alimchukua mtoto, akamfunika uso kwa kitenge, akamsukuma Sandrine ndani, akafunga mlango. Baada ya kitambo alitoka na kiti kizuri, kile cha wageni, chenye mito, akakiweka chini ya mlimau. Aliweka na chupa ya chai na mandazi.

"Karibu, dada. Kaa muzuri," alisema. "Utanisamehe, kuko kazi ndani." Akaingia, na komeo likasikika.

Gasaro alikisogeza kiti pembeni, akaketi chini, akaegemeza mgongo. Alisikia mtoto akilia, akibembelezwa, akinyamaza. Alikuwa na sauti nene kwa mtoto mchanga. Juu yake harufu ya maua ilianza kushuka.

Pazia la dirisha likasogea kidogo.

"Imeanza?" aliuliza Maman Sandrine kutoka ndani.

"Imeanza," alisema Gasaro. "Upande wa barabara."