Kitovu cha Kepher

Jumanne saa nne asubuhi lori la Uganda liliingia kinyumenyume kwenye bohari ya majani chai pale Kericho, na Jerusa akaanza kufungua mifuko. Kazi yake ilikuwa kuipokea chai ya jirani kabla haijachanganywa na ya hapa. Mfuko wa kumi na saba ulikuwa mzito kupita kiasi. Alipokata uzi, ndani alikuwamo mumewe Kepher, amekunja magoti, majani makavu yamemjaa kwenye kola.

Kepher alikuwa amekufa miaka mitatu iliyopita, huko Fort Portal, Uganda. Alivuka mpaka miaka tisa iliyopita, mwaka ule mashine za kuchuma chai zilipoletwa kwenye mashamba ya Boito na wachumaji wakaambiwa waende kwao. Kwao wapi, jamani? Yeye alizaliwa palepale, kwenye nyumba za wafanyakazi. Aliyetoka upande wa ziwa ni babu yake. Basi akaenda kuchuma chai ya watu, akazikwa huko, na Jerusa akaletewa habari kwa simu.

"Mama Rodah," Kepher alisema, akijipangusa. "Umekonda."

"Na wewe umekauka," Jerusa akajibu. Furaha ilimjaa, lakini mifuko ilikuwa bado mingi. Alimpa kiti na chai kwenye kikombe cha bati.

Wachira, afisa wa forodha, alimsalimia mzee kwa mkono, kisha akaisoma hati ya asili ya mzigo. Ilisema kila kitu ndani ya lori ni cha Uganda tangu mzizi, kwa hivyo ushuru ni sufuri, kama nchi zilivyokubaliana.

"Sasa shida ni hii, mama," alisema. "Kitu kimoja tu kikiwa si cha kule, hati yote inakufa. Chai inarudishwa mpakani Busia, na mzee anarudi nayo. Kitovu chake kilizikwa wapi?"

Jerusa alijua vizuri sana. Mama mkwe alimwonyesha wiki aliyoolewa: Boito, shamba namba tisa, mstari wa tatu, chini ya mti wa chai ulioinama. Kepher alikuwa akiuchuma huo kwanza kila asubuhi, kabla ya mingine yote, na msimamizi alimfokea mpaka akachoka.

"Na kama ni hapa?"

"Kama ni hapa, basi ni wa kwetu, na wa kwetu hana msamaha wa ushuru. Msamaha ni wa majirani." Wachira alisema kwa upole, hakuwa mtu mbaya. "Kama ni kule, weka sahihi hapa, uende naye nyumbani."

Jerusa alimtazama Kepher. Alikuwa anapuliza chai mara tatu kabla ya funda la kwanza, vilevile kama zamani. Miaka tisa Jerusa alikuwa amekula peke yake na kujibizana na redio, binti yao Rodah akipiga simu Krismasi tu. Ni nani angekataa? Alichukua kalamu, akaandika kwamba kitovu cha Kepher kilizikwa Fort Portal, akaweka sahihi. Wachira akapiga muhuri.

Kepher aliacha kupuliza. Alijipapasa tumboni kidogo, kama mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha akanywa chai yake.

Nyumbani Jerusa alisonga ugali, akaunga omena, akamtolea shati lake la zamani. Kepher alipokuwa akibadilisha, tumbo lake lilionekana laini tupu, bila kitovu. Jerusa alimfungia vifungo mwenyewe, taratibu, mpaka juu. Kepher alikula akashiba, akashukuru, akaitazama picha ya arusi ukutani.

"Nyabo," aliuliza kwa adabu, kama Mganda anavyomwita mama asiyemjua, "mwenye nyumba anarudi saa ngapi?"

Jerusa alikusanya sahani. Uchungu ulimpanda mpaka machoni, akageukia jiko.

"Atachelewa," alisema.

"Basi nitamngoja. Si vizuri kula kwa mtu na kuondoka bila kumshukuru."

Akasogeza kiti karibu na mlango.

Jumanne iliyofuata lori lilikuja, hati ikawa safi, ushuru sufuri. Jerusa alikata uzi wa kila mfuko. Ilikuwa chai tu. Aliporudi nyumbani Kepher alikuwa bado mlangoni, ndani ya shati lake mwenyewe, akimngoja mwenye nyumba.