Mteremko wa Olimpia

Alhamisi tangazo lilibandikwa mlangoni pa ushirika wetu wa divai: zabibu za Moskato za miteremkoni zianze kuvunwa Jumatatu. Sahihi ya mwenyekiti, Delmo Gaviglio. Mimi sahihi hiyo siiamini. Mtu akishapewa ofisi yenye kiti cha kuzunguka, hafanyi jambo lisilo na la kwake ndani.

Nikasema moyoni, hapa kuna kitu. Akituvunisha mapema, sukari itakuwa ndogo, kipimo kitasoma chini, mteremko wetu utatolewa kwenye tangi la juu, lile la divai bora, wa mkwe wake uingie. Tangi hilo ni moja tu, na miteremko inayolijaza huandikwa majina kwa chaki ubavuni. Mteremko wetu una jina la mke wangu, Olimpia, na jina hilo limekaa pale miaka kumi na tisa. Mwenyewe tulimzika mwezi wa tatu. Daktari alikuwa amesema ni uchovu tu. Wakubwa wote ni walewale. Kilichobaki cha jina lake hadharani, ukiacha kaburi, ni ile chaki.

Basi Jumatatu majirani walipoingia na makreti, mimi nilikaa kizingitini nikichonga kijiti. Nikangoja siku nane. Nyigu wakajaa, zabibu zikageuka rangi ya asali, zikanata vidoleni. Chini ya mpichi ulioko kichwani pa mstari wa kwanza, mapichi yalikuwa yameanza kuanguka tangu siku ile ya tangazo, sasa yameoza. Niliyapiga teke nipite kwenda kuvuna.

Pale ushirikani kipimo kilisoma juu kuliko cha mtu yeyote kilimani. Nikamgeukia Gaviglio.

“Haya, mwenyekiti. Mkweo amefikisha ngapi?”

Alimwita Irma, msimamizi wa matangi, binamu yake Olimpia. Irma akaponda zabibu kiganjani, akanusa, kisha akaniletea kiganja puani.

“Shemeji, umetuletea zabibu au jamu?”

Nilinusa. Utamu upo. Lakini ile harufu ya maua, ambayo mtu wa vilima vyetu vya Asti huijua hata amefumba macho, haikuwepo. Divai yetu nyepesi, povu lake dogo, hailevyi mtu kwa glasi mbili. Ukiiondolea harufu umebaki na maji ya sukari.

Nikawaambia wamepanga, tarehe yao ilikuwa mtego.

“Tarehe ya nani?” Irma akasema. “Ni ya mkeo. Miaka yote ndiye aliyetupa siku. Pichi la kwanza likianguka kwenye mti wenu, hesabu siku nne, vuneni. Mwaka huu nilikwenda kuuchungulia mwenyewe, maana wewe mlango hufungui.”

Kila mwaka Olimpia aliniambia tu, “Kesho tunavuna,” nami nikabeba makreti. Sikuwahi kumuuliza amejuaje.

Zabibu zangu zilimwagwa kwenye tangi la kawaida, pamoja na za mabondeni. Nilimngojea Gaviglio acheke, nipate cha kumchukia. Hakucheka. Alichukua kitambaa akaelekea tangi la juu.

Nikamnyang'anya. Bado namshuku, mwenye nia njema angeandika sababu kwenye tangazo. Lakini mkono wake sikutaka upite pale. Jina nililifuta mwenyewe, herufi moja moja, kuanzia ya mwisho.