Sahani Juu ya Jiwe

Muzee Cyprien alipozikwa, majirani walikuwa wameshakata shauri: aliyemuua ni mke wa mwanawe. Bénédicte alimtoa nje, walisema, akamjengea kijibanda cha turubai chakavu nyuma ya kibanda chake, kama mtu anavyomjengea mbuzi, akamwacha humo mpaka baridi ikammaliza. Ndivyo walivyosema kwenye foleni ya maji, na ndivyo walivyotaka kumwambia mama Léocadie. Aandike, aende zake, kisha Bénédicte na watoto wake watoke kwenye safu yao ya vibanda.

Lakini mama Léocadie hakuwa mtu wa kuandika na kwenda zake. Alikuwa muuguzi mstaafu kutoka mtaa wa Mapendo, mnene, mwenye pumzi fupi. Kila mzee alipofariki katika kambi hii ya wakimbizi na minong'ono ya kutendewa vibaya ikazuka, alikuja na kamati yake juu ya mawe yale meusi ya volkano, akawakusanya majirani, akauliza kifo kile kilipitia wapi. Wivine alimfuata nyuma akiwa na kalamu. Huyu binti wa Butembo, aliyetoka chuo juzi tu, alikuwa na haya kiasi kwamba akiuliza swali, anayeulizwa hulazimika kuinama ili asikie. Angekuwa mtu wa kusema, angemwambia mama Léocadie kwamba hajawahi kuona mtu akiwasikiliza watu namna ile.

"Sikuja kufunga mutu," mama Léocadie alianza. "Muzee Cyprien amekwisha kwenda. Lakini kuna muzee mwingine kwenye safu hii, naye analala inje vilevile. Nataka asimufuate."

Wote walijua anamsema muzee Dieudonné, baba mkwe wa Julienne. Kijibanda chake kilikuwa hatua chache kutoka kile cha marehemu.

"Wa kwangu namulisha kila siku, mama," Julienne alisema. "Usimuchanganye na wa huyu."

"Sijachanganya. Nimesema tu kwamba yupo."

Bénédicte alikaa chini na mtoto mapajani, uso ameuinamisha. Mama Léocadie akamuuliza lini alimwona mzee kwa mara ya mwisho. Hakujibu.

"Atajibu nini?" Julienne akadakia. "Ule hata machozi alikopa kwa watu siku ya maziko."

Wengine wakacheka. Wivine hakucheka. Alikuwa amegundua kitu: tangu asubuhi, Bénédicte hakugeuza macho hata mara moja kukitazama kile kijibanda, wala jina la mzee halikumtoka mdomoni. Akasogea, akachuchumaa karibu naye.

"Dada," alisema kwa sauti yake ndogo, "chakula, nani alikuwa anamupelekea?"

"Bwana yangu, Aubin. Yeye ni mutoto wake, anaweza kuingia." Bénédicte alipangusa pua ya mtoto. "Alipoenda kutafuta kazi ya makaa, hakurudi. Basi mimi naweka sahani pale juu ya jiwe. Napiga makofi ajue, nageuka, naenda. Nikirudi nakuta imekwisha."

"Na ndani hukuchungulia?"

Bénédicte alimtazama kana kwamba ameambiwa avue nguo mbele za watu. "Ni mukwe wangu."

Wivine alielewa. Kwao Butembo, mama yake hakuwahi kula mbele ya babu, wala kukanyaga alipolala. Kule Masisi, walikotoka watu hawa, nako nyumba ya baba mkwe ilikaa upande wake wa uwanja, ya mwana upande wake, migomba katikati, na watoto ndio waliokimbia na sahani. Vita vilivyowaleta hapa viliwarundika wote chini ya turubai moja.

"Yeye mwenyewe alikataa kulala na sisi," Bénédicte aliongeza. "Alisema afazali baridi kuliko kuona haya."

Wivine akaenda kumnong'oneza mama Léocadie. Mama huyo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akampa mkoba wake ashike, akapiga magoti na kitenge chake kizuri cha Jumapili, akatambaa ndani ya kijibanda cha marehemu, akajilaza chali kwenye mkeka. Ikabaki kuonekana miguu yake tu.

"Wivine, weka sahani juu ya jiwe. Na bugali kidogo."

Wivine akaweka. Mkono mnene ukatokea chini ya turubai, ukapapasa changarawe, ukanyooka mpaka vidole vikatetemeka. Jiwe lilikuwa mbali.

"Sasa mimi ni mugonjwa," sauti ilitoka ndani. "Siwezi kuamuka. Nimesikia makofi. Nifanye nini?"

Kuku mwekundu akaja akinyata, akapanda jiwe, akaanza kudonoa.

"Nasikia kitu kinakula. Ni mimi?"

"Ni kuku, mama," Wivine alisema.

"Wa nani?"

Julienne alikaza kitenge chake, ambacho hakikuwa kimelegea.

Hapo Bénédicte akaanza kulia, polepole, bila kelele. "Nilikuwa nasikia anakohoa. Nilisema moyoni, mwenye kukohoa yuko muzima. Siku ile hakukohoa. Nikasema leo amelala vizuri."

Mama Léocadie alitoka kwa kuvutwa mikono na wanawake wawili. Alikaa karibu na Bénédicte kabla hajapata pumzi.

"Ungeweza kuita mutu, mwanangu."

"Ndiyo, mama. Sikuita."

"Na sisi tuliopita hapa na ndoo zetu kila siku, hatukuuliza." Aliwatazama wote, kisha akamgeukia Julienne. "Mama Achille, wewe unaingia kwa muzee Dieudonné?"

"Mimi? Kwa mukwe wangu? Siwezi."

"Na Bénédicte, yule ni mukwe wake?"

Julienne alimtupia Bénédicte jicho. "Si mukwe wake. Lakini huyu? Baada ya yote haya, aingie kwa muzee wangu?"

Kikohozi kikasikika nyuma ya kibanda chake, kisha sauti kavu ya muzee Dieudonné, aliyekuwa akisikiliza muda wote.

"Mwambieni mama Achille kwamba kuku wake ananenepa. Mimi nakonda."

Watu waliangua kicheko. Julienne peke yake hakucheka. Alikigeuzia mgongo kijibanda cha mkwe wake, kwa heshima, akasimama akitazama sufuria yake ya uji mpaka kicheko kikaisha. Kisha akachota kikombe kilichojaa, na bila kumtazama Bénédicte usoni, akamnyooshea.

"Ni moto," alisema. "Anapenda ukipoa kidogo. Nipe mutoto."

"Andika hiyo," mama Léocadie alimwambia Wivine. "Kila mama amuangalie mukwe wa jirani. Kesho tunaipeleka kwenye safu zingine."

Wivine hakuandika mara moja. Alikuwa anamtazama Bénédicte, ambaye alikuwa ameinama mlangoni pa kijibanda na kikombe mikononi, amesita. Kisha akaingia, akakaa kando ya mkeka, akamtazama mzee usoni.

"Umekula, muzee?"

"Bado," alijibu muzee Dieudonné. "Leta."