Tuta la Mheshimiwa

Barua yangu ya ajira inasema kazi yangu ni "kumuunganisha mheshimiwa diwani na wananchi wake." Kwa Kiswahili cha mtaa wetu wa Manyatta maana yake ni hii: mwananchi akiwa na hasira ananikuta mimi, na mheshimiwa akiwa na hasira ananikuta mimi. Wao wawili hawakutani. Katika hilo nimefanya kazi nzuri sana.

Ofisi yetu ya wadi ni chumba kimoja nyuma ya duka la mabati. Ndani kuna meza, viti vitatu, na picha ya Mheshimiwa Frankline Okinyi akitabasamu. Picha hiyo ni kubwa kuliko dirisha.

Nabwire aliingia mwezi wa pili. Yeye huuza mgongo wazi, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki baada ya minofu kwenda kwa wenye nazo, kando ya barabara ya shule ya chekechea. Binti yake wa miaka sita, Maryanne, alikuwa amegongwa na bodaboda akivuka kwenda shule. Mguu ulivunjika.

"Madam Sheryl, mimi sitaki pole," alisema. "Pole nimepewa na kila mtu. Nataka tuta pale, hawa watu wapunguze mwendo."

Nikaiandikia idara ya barabara. Jibu likaja: "Suala lako linashughulikiwa." Mwezi wa tatu nikaandika tena. Linashughulikiwa. Mwezi wa nne Maryanne alitolewa plasta, nami nikaandika mara ya tatu. Sidhani kuna suala Kisumu nzima lililoshughulikiwa kama lile.

Mwezi wa tano Nabwire hakuja. Nikafikiri amekata tamaa, na nakiri nilishusha pumzi. Kumbe Jumamosi moja alikuwa amewakusanya majirani, wakaleta udongo wa murram, simiti iliyobaki kanisani na mikokoteni miwili. Kufikia jioni barabara ilikuwa na tuta mfano wa ng'ombe aliyelala. Waendesha bodaboda walitukana siku mbili. Siku ya tatu wakapunguza mwendo.

Picha ya tuta ikaingia kwenye kundi la WhatsApp la wadi. Enos, anayekitaka kiti cha mheshimiwa, akaandika chini yake: "Viongozi wa kweli hawangoji." Enos hakuwa amebeba hata jiwe. Mheshimiwa alinipigia simu kabla sijanywa chai.

"Sheryl! Hilo tuta ni la nani?"

"Ni la wananchi, Mheshimiwa."

"Na wananchi ni wa nani? Panga uzinduzi. Alhamisi, saa nne asubuhi."

Jumanne ikaja barua ya idara ya barabara. Kujenga tuta kuliwashinda miezi mitatu; kuamua kulibomoa kuliwachukua siku tisa. Tuta hilo haramu lingeondolewa Alhamisi, saa nne asubuhi, na ofisi yetu imtaje mhusika. Nikampigia mheshimiwa.

"Mheshimiwa, idara ya barabara pia wanakuja Alhamisi saa nne."

"Vizuri! Wape viti vya mbele."

"Wanakuja na tingatinga."

"Hata bora. Watu wetu wanapenda kuona mashine."

"Kuna barua, ningeomba uisome."

"Sheryl, kusoma ni kazi yako."

Basi nikafanya kazi yangu. Nikaweka viti viwili mbele.

Alhamisi kulikuwa na hema, spika na utepe mwekundu uliofungwa kukatiza barabara. Nabwire hakupewa kiti, viti vilikuwa vya wageni. Alisimama kando ya jiko lake akigeuza samaki, Maryanne akiwa amemshika sketi.

"Niliposikia mtoto wetu Mariamu ameumia," mheshimiwa alinguruma, "sikulala! Kila jiwe mnaloona hapa nimeliweka kwa mkono huu!"

Tingatinga likaingia. Watu wakapiga makofi. Mhandisi Obeid, mwanamume mwembamba mwenye faili, alishuka, akaketi mbele na kusikiliza kwa adabu. Kisha akainua mkono.

"Samahani, Mheshimiwa. Ni wewe uliyejenga?"

"Mimi mwenyewe!"

"Bila kibali?"

"Kuwatumikia watu wangu sihitaji kibali!"

Makofi yakalipuka. Obeid akaandika. "Asante. Ofisi yako iliombwa initafutie mhusika. Sikutegemea atakuja na hema. Basi tutaliondoa sasa hivi."

Mheshimiwa alinitazama. Mimi nikalitazama tingatinga.

"Niliposema nimejenga," akaanza polepole, akisahau kwamba kipaza sauti kinamsikia, "nilimaanisha... kiroho."

Nabwire alikuja mbele, kijiko cha kugeuzia samaki bado mkononi, mafuta yakidondoka.

"Nimejenga mimi, na majirani zangu. Andika: Nabwire. Mkibomoa leo, kesho tunajenga lingine."

Obeid akaacha kuandika. "Mama, mliomba kibali?"

Hapo nikaona aibu. Kutoka ofisini hadi pale ni mwendo wa dakika kumi, na miezi yote ile nilikuwa nimeandika barua bila kwenda hata mara moja kupaona. Nilisimama, nikafungua mkoba na kumpa Obeid nakala za barua zangu tatu pamoja na majibu yake matatu.

Obeid alisoma la kwanza, la pili, la tatu.

"Hii sahihi ni yangu," alisema taratibu.

"Ndiyo, Bwana," nikamjibu. "Ulikuwa unashughulikia."

Akatoa futi, akapima tuta, akamtazama Maryanne na ule mguu wake uliokuwa bado mwembamba kuliko mwenzake. Akasema limezidi kimo kwa kiganja kimoja tu. Tingatinga lingekwangua juu, lisibomoe, na rangi ingeletwa.

"Kama nilivyoagiza!" mheshimiwa akafufuka, akakata utepe.

Hakunifuta kazi. Kunifuta kungehitaji barua, na mwandishi wa barua ni mimi. Alininunia wiki mbili, nikazihesabu kuwa likizo. Rangi ililetwa upande mmoja wa tuta. Upande wa pili unashughulikiwa.

Jumatatu iliyopita alikuja mzee mmoja, Opondo, kutoka Obunga, ambako hata si wadi yetu. Alikuwa amesikia kwetu kuna mheshimiwa anayejenga matuta kwa mkono wake. Nikachukua karatasi, nikaandika tarehe, halafu nikaweka kalamu chini.

"Mzee, una majirani?"

"Majirani ninao."

Nikafunga ofisi saa tano asubuhi, nikamtembeza hadi kwa Nabwire. Alitusikiliza bila kuacha kugeuza samaki.

"Mikokoteni mnayo mingapi?" akamuuliza.