Nyota za Upande wa Kaskazini

Katika chumba cha chuma cha kituo cha wanaanga huko Karoo, nyika kame ya Afrika Kusini, hata saa nane mchana huwezi kujua kama nje kuna jua. Simu huachwa getini, kwa sababu madishi ya kusikilizia mbingu hayavumilii kelele za binadamu. Magriet Jaftha alikuwa amekizoea kimya hicho. Mchana ule, hata hivyo, nywele zilimsimama.

Alikuwa akimalizia tasnifu yake ya udaktari. Katikati ya galaksi aliyoichunguza palikuwa na shimo jeusi lililoamka: linakula, na kila likila linacheua mikondo miwili ya moto, mmoja kusini, mmoja kaskazini. Gesi iliyopashwa moto hivyo haitulii, na isipotulia haizai nyota. Ndivyo Profesa Vuyisile Mahlati, msimamizi wake, alivyofundisha miaka thelathini: shimo likiamka, galaksi inakuwa tasa. Magriet naye aliandika hivyo hivyo, na kesho kazi yake ilikuwa iende kwa watahini.

Kilichomsumbua ni kipande kimoja cha data. Mashine huficha yenyewe chochote inachodhani ni kelele za ndege au redio. Kipande hiki cha kaskazini kilikuwa kimefichwa na mtu.

Akakifichua. Ilikuwa gesi baridi, nyingi, imesongamana pale pale mkondo ulipoipiga. Akaweka juu yake picha iliyopigwa na darubini ya mwanga ya mji wa Sutherland, na vidoa vya buluu vikakaa juu ya gesi hiyo kimoja kimoja. Makundi kumi na moja ya nyota changa. Kinywa kile kile kilichoua huku kilikuwa kinazalisha kule. Magriet aliogopa, wala hakuona haya kuogopa.

Akafungua kumbukumbu za kompyuta kuona nani alikificha. Miaka sita nyuma: kimefichuliwa na K. Beukes. Kesho yake: kimefichwa na V. Mahlati. Miaka minne nyuma: kimefichuliwa na S. Olyn. Kimefichwa. Miaka miwili nyuma, T. Moalosi. Kimefichwa. Mwenye nguvu mpishe, walisema wahenga, na wote watatu walimpisha. Hakuna aliyemaliza masomo.

Mlango ukafunguka taratibu. Profesa akaingia na vikombe viwili vya chai ya rooibos, akatazama skrini. Hakushtuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha Magriet zaidi.

"Umechoka, mwanangu," alisema. "Ni kelele hizo. Zifiche, tukale."

"Kelele gani, Prof? Siku data hii iliporekodiwa hakuna ndege iliyopita. Nimeangalia."

"Wenzako nao waliangalia."

"Wako wapi?"

"Walichoka." Akamsogezea kikombe. "Wewe una akili kuliko wao. Zifiche tu."

Aliongea kwa upole, kama anayemfunika mtoto blanketi. Magriet alishtukia kidole chake kimeshafika kwenye kitufe. Kwenye kumbukumbu jina lake lilikuwa tayari la nne, na mstari wa chini yake ulikuwa bado mtupu. Akautoa mkono, akainuka, akatoka bila kuaga.

Simu ya waya ilikuwa jikoni. Tannie Dora, mpishi ambaye kila mtu alimwita shangazi, alimtazama juu chini.

"Mbona umepauka hivyo? Umeona mzimu?"

"Unamjua Beukes aliyesoma hapa?"

"Katriena? Anafundisha hesabu mjini Williston. Namba yake hiyo ukutani. Mtoto yule alilia hapa jikoni mpaka unga wangu ukalowa."

Simu iliita mara mbili.

"Samahani, dada, hunijui. Niko kituoni, ni mwanafunzi wa Profesa Mahlati."

Upande wa pili mlango ulifungwa taratibu.

"Ni kaskazini?" sauti iliuliza.

"Ndiyo."

"Umehesabu ngapi?"

"Kumi na moja."

Akasikia pumzi ikishuka.

"Kumi na moja," alisema Katriena. "Miaka sita nimekuwa nikijiambia nilikuwa mwehu."

Magriet aligeuka. Profesa alikuwa amesimama mlangoni, na Magriet hakujua amesimama hapo tangu lini. Hata hivyo Magriet hakushusha sauti.

"Kesho tasnifu yangu inakwenda kwa watahini, dada," alisema. "Nyota zote zitakuwemo, na nitasema nani alizihesabu kwanza."