Mama Nyusi na Jiko la Spiriti

Nyusi zangu ziliungua Jumatatu. Jumanne gati zima likawa linaniita Mama Nyusi. Moto wa spiriti mchana hauonekani. Nilidhani jiko limezimika, nikaongeza spiriti, moto ukanirukia usoni.

Shemeji, mume wa dada yangu na nahodha wa boti ninayopikia, akatoa hukumu: "Kupika basi. Jumamosi abiria watakula mkate mkavu, na wewe utabaki nchi kavu."

"Tufunge jiko la gesi, shemeji."

"Gesi ni nzito. Ikivuja inashuka tumboni mwa boti, inasubiri kiberiti."

"Na isipovuja?"

"Haya, fungeni. Nikinusa hata chembe, jiko linashuka, na mpishi nyuma yake."

Miaka kumi na mmoja nawalisha watu mle, na hakuna umbea usiopitia kwenye sufuria zangu. Nibaki nchi kavu, nimsimulie nani?

Ijumaa asubuhi nikamleta fundi wa majiko ya hotelini, mikono myepesi, mdomo mwepesi zaidi. Tuling'oa jiko la spiriti, tukaweka la gesi la plati mbili. Mtungi ukakaa juu ya sitaha, kwenye sanduku lenye tundu chini ili gesi ikivuja itoke nje. Nikapaka povu la sabuni kila kiungio. Hakuna kiputo, hakuna kinachovuja.

"Hongera, Mama Nyusi," fundi akasema, akikusanya spana zake.

"Ngoja kwanza." Nikamwaga ndoo ya maji ndani ya sanduku.

Maji hayakutoka nje. Tuliyasikia yakidondoka chini ya sakafu, tumboni kabisa.

"Lo! Hotelini tundu ni tundu tu," fundi akanong'ona.

"Hoteli haizami wala hailipuki na shemeji yangu ndani. Ziba hilo. Toboa ubavuni mwa boti, bomba litokeze nje."

"Kesho, mama."

"Kesho tunasafiri. Kaa chini."

Nilikalia begi lake la vifaa mpaka akamaliza. Ndoo ya pili ikatoka ubavuni, ikamwagikia viatu vya shemeji, ndiyo kwanza anafika gatini.

"Karibu, shemeji! Hiyo ndiyo njia ya gesi."

Hakucheka. Alifungua vali, akasubiri, akainua mbao za sakafu, akaingiza kichwa chote.

"Nanusa kitu," akasema.

"Nini?"

"Vitunguu. Vya miaka kumi na mmoja." Akainuka, akajifuta magoti. "Kesho chai iwe tayari kabla hatujang'oa nanga. Na uchore nyusi, usitutishie abiria."