Shati la Chini ya Lundo

Kwaresima ilimkuta dobi akiwa na nguo hadi mlangoni, na kilichomkera kuliko vyote ni watu kumwuliza mwaka huu anajinyima nini. Ajinyime nini tena mtu anayesimama na pasi kutwa nzima, magoti yakimlilia? Mtaani walimwita Mikunjo, kwa ajili ya paji lake la uso, lililojikunja tangu ujana na halikuwa na pasi ya kulinyoosha.

Alikwenda kwa katekista kulalamika kwamba muda wa kusali hana. Katekista, mtu mpole hadi anaudhi, akamwuliza ananyoosha mashati mangapi kwa siku. Dobi akasema arobaini, siku mbaya hamsini. Basi, akaambiwa, kila shati lina mwenyewe. Unapolinyoosha, mwombee huyo mwenyewe mpaka ulitundike. Dobi alirudi dukani akinung'unika kwamba amekwenda kutafuta nafuu, amerudi na kazi ya ziada.

Lakini alijaribu, na mambo yakamwingia. Alimwombea mwalimu koo lisimkauke. Alimwombea mlinzi wa usiku watoto wanaonyamaza mchana, apate kulala. Kufikia wiki ya tatu alikuwa hawafokei tena wateja, hata mama mmoja msumbufu wa mapazia, na mkewe, aliyekuwa akipokea nguo mbele ya duka, alishika kiuno akamwuliza kama anaumwa.

Yaliharibika wiki ya tano, shemeji yake alipoleta shati jeupe la mikono mirefu. Lilikuwa la mumewe, kaka mkubwa wa dobi, na ndugu hao wawili walikuwa hawasemezani mwaka wa tatu sasa. Mama yao alipofariki, dobi alikuwa safarini. Gari liliharibika njiani, akapiga simu kuomba wamsubiri. Kaka hakusubiri. Dobi alifika makaburini akakuta watu wanakung'uta udongo viatuni, na tangu siku hiyo alimfuta kaka yake midomoni mwake.

Shemeji alieleza kwamba kaka amechaguliwa kuwa mmoja wa wale kumi na wawili watakaooshwa miguu na padri Alhamisi Kuu. Akaongeza kwamba ni kaka mwenyewe aliyesema shati liletwe hapa. Dobi aliuliza kama madobi wengine wote wamehama mji. Mkewe alimkanyaga mguu.

Duka lilikuwa na sheria: nguo iliyotangulia kuja ndiyo inayotangulia kunyooshwa. Shati lile likafika juu ya lundo, dobi akalirudisha chini. Kesho yake likafika juu tena. Mkewe akauliza kama limeota miguu, maana kila akiliweka juu analikuta chini. Dobi alikuwa amemwambia Mungu wazi kabisa: nitamwombea yeyote unayemtaka, hata asiyefua, ila huyu usinitajie.

Jumatano Kuu mchana lundo likaisha. Mezani likabaki shati moja tu.

Alinyoosha kola kimyakimya. Akanyoosha mikono kimyakimya, akiwa na nia ya kumaliza bila kusema neno mbinguni wala duniani. Alipofika mgongoni uvumilivu ukamwisha. Haya, akasema moyoni, unataka tuzungumze, tuzungumze. Akafumba macho, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mezani kwa miaka ishirini, akaanza kueleza. Alieleza simu aliyopiga. Alieleza udongo ulivyokuwa bado mbichi. Alieleza vitu ambavyo hakujua kama bado anavyo, na alikuwa ndiyo kwanza anapata kasi pale aliponusa moshi.

Katikati ya mgongo palikuwa na alama ya pasi, ya kahawia, kamili hadi ncha yake. Mkewe alishika kichwa, kisha akajitolea kulipeleka yeye. Haikuwezekana. Aliyeunguza ndiye anayepeleka. Sheria hiyo dobi aliitunga mwenyewe, enzi za wasaidizi wazembe. Njia nzima alimgombeza Mungu. Amesukumwa asali, amesali, na shukrani yake ndiyo hii.

Kaka alikuwa uani na fulana, akipiga viatu rangi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," kaka akaitikia kwa mazoea, kisha akashtuka kusikia amejibu nani. Dobi akakunjua shati. Kaka akalitazama mgongoni, akamtazama yeye.

"Miaka yote hiyo kazini, umeunguzaje shati?"

"Nilifumba macho."

"Na pasi mkononi?"

"Nilikuwa nakuombea."

Kaka aliweka brashi chini. Akauliza ni maombi gani hayo ya kuunguza nguo ya mtu. Dobi angeweza kudanganya, lakini ilikuwa Wiki Kuu yenyewe.

"Nilikuwa nakushtaki," akasema. "Kwenye kukuombea nilikuwa bado sijafika."

Kaka akamsogezea kiti. "Basi kaa umalizie hapa, na mimi nisikie."

Dobi akakaa. Kati ya yote yaliyommiminika mezani, likatoka moja tu. "Hukunisubiri."

"Sikukusubiri," kaka akasema. "Nilijua ukifika utalia, na ukilia nami sitaweza kusimama. Watu wote walikuwa wananitazama mimi. Nikaogopa. Nimetafuta pa kuanzia miaka mitatu, nikaishia kuleta shati."

Hilo lilimkera dobi kuliko yote. Miaka mitatu amebeba hasira dhidi ya mtu katili, kumbe alikuwa mtu mwoga tu, aliyefiwa kama yeye. Alilia palepale, kwa hasira, na kaka naye akalia, kiatu kimoja tu kikiwa kimepakwa rangi.

Kesho yake jioni kaka alikaa mbele kanisani pamoja na wenzake kumi na mmoja, koti juu ya shati lilelile. Kanisa lilikuwa limejaa na joto halina huruma. Padri alipomkaribia na beseni, kaka akavua koti, akainama kuvua viatu, na alama ya pasi ikaonekana hadi benchi la nyuma. Minong'ono ikaanza, maana dobi wa mtaa alijulikana. Mkewe akamfinya. Dobi hakujificha. Alimwombea kaka yake tangu maji yalipomgusa mguu mpaka alipofutwa, na safari hii hakufumba macho.